Betri mpya ya laptopu inakufa ndani ya miezi minne, hii sasa ya tatu. Mwenye kosa nani?

mwalimu_wa_zamu:
Wakuu heshima zenu, wakubwa shikamooni. Naombeni msaada maana nimechoka na hela imeisha. Nina HP EliteBook 840 G3, nilinunua used ile mizigo inayotoka Dubai, mashine yenyewe sina lawama nayo hata kidogo, naandalia mitihani, nasahihishia, watoto wanaangalia katuni. Shida ni betri tu. Ile iliyokuja nayo ilipokufa nikaenda Kariakoo, jamaa akaniapia kwa jina la mama yake kwamba hii ni orijino, elfu 65, fundi akafungua kava ya chini akaibadilisha hapohapo hata dakika kumi hazikufika. Mwezi wa kwanza raha mustarehe, saa tatu na kitu. Mwezi wa nne ikawa dakika arobaini, alafu ikaanza kale kamchezo, inasoma asilimia 38 na inazima pwaa bila hata kuaga.

Nikasema labda nilipigwa, nikaenda duka lingine kubwa lenye kiyoyozi, elfu 85, imefungwa kwenye kimfuko cha fedha na stika inang'aa, waranti wiki sita. Wiki ya saba ikafa, utadhani ilikuwa inasoma risiti. Ya tatu ndo hii, ina miezi mitatu na nusu, na sasa naona ile sehemu ya kugusia mausi imenyanyuka kidogo, kubonyeza haibonyezeki vizuri mpaka ukandamize na kidole gumba.

Nikarudi kwa muuzaji, kanionyesha maandishi chini ya risiti, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI, alafu akaniambia kosa langu nachaji sana. Sasa betri nisipoichaji niifanyeje jamani, niitie mafuta ya taa? Huku kwetu Chanika umeme ukikatika saa mbili usiku nina mitihani 140 mezani, betri kwangu sio urembo. Naomba kujua, hizi orijino zipo kweli au tunadanganyana tu? Ama tatizo ni mashine yangu ndo inaua betri?

shemeji_wa_taifa:
Mafuta ya taa 😂😂 mwalimu umeniua. Pole sana lakini. Mimi nilinunua ya elfu 90 ikadumu miezi mitano, nikakasirika nikanunua ya elfu 45 kwa machinga, ile nimeinunua kwa hasira kabisa sitaki hata kuiangalia, huu mwaka wa pili iko hai. Tangu hapo bei hainiambii kitu.

fundi_bisibisi:
Mwalimu kwanza kabla ya maneno yote, hiyo mashine izime sasa hivi na uchomoe chaja. Ukiona hapo pa kugusia pamenyanyuka ujue betri imevimba kama andazi, inasukuma kwa chini. Ni gesi hiyo inatengenezeka ndani ya seli ikiharibika. Kesho peleka ikatolewe, na akitokea fundi akakuambia tuitoboe na pini upepo utoke turudishie, chukua mashine yako uondoke usigeuke nyuma, ile kitu ikitobolewa inaweza kuwaka moto palepale mezani. Ikishatolewa usiitupe jalalani na takataka za nyumbani, iweke nje kwenye ndoo ya mchanga mbali na watoto mpaka upate wanaokusanya taka za umeme.

Haya sasa kwenye swali. Mimi hii kazi nina miaka kumi na kitu, na nitasema ukweli hata kama mafundi wenzangu watanuna. Mashine yako ni toleo la 2016. Betri yake ni CS03XL, seli tatu bapa zimeunganishwa kwa mstari, volti 11.4, uwezo kama 46 Wh hivi (Wh ndo kipimo cha umeme inaobeba). Jiulize, betri ya mashine ya mwaka huo leo inatoka wapi? Iko ya kiwandani kweli, lakini imekaa stoo miaka, na betri ya lithiamu inazeeka hata kama haijaguswa, inajimaliza chaji yenyewe taratibu, volti ikishuka chini kupita kiasi seli inaharibika na huwezi kuifufua. Kwahiyo hata muuzaji akikuapia ni orijino anaweza kuwa hasemi uongo, ni orijino iliyozeekea kwenye boksi. Iko ya kopi, na kopi nazo zimetofautiana kama maandazi ya mitaa miwili, iko iliyotengenezwa na seli nzuri ikakaa miaka miwili (ndo hiyo ya shemeji hapo juu) na iko ya seli zilizokataliwa kiwandani. Alafu iko iliyovalishwa upya, betri ya zamani inabandikwa stika mpya, kimfuko kipya, basi. Kwenye zile betri za zamani za kuchomeka kwa nje zenye seli za duara nimeshafungua mwenyewe nikakuta seli zina alama za kuchomelewa mara ya pili, yaani zimetolewa kwingine zikachomelewa humo. Stika juu inasema mpya.

Na muuza duka usimlaumu sana, wengi wao wananunua kwa katoni, hawajui kilichomo. Naye kapigwa, anakupasia wewe.

Hiyo ya kuzima kwenye 38 ni hivi. Seli tatu ni kama wachukuzi watatu wamebeba kabati, mmoja akilegea goti lazima wote watue. Seli moja mbovu ikifika chini kile kibao kidogo cha elektroniki ndani ya betri kinakata umeme kuilinda, hizo mbili zingine bado zina chaji, na kompyuta bado inakuonyesha asilimia ya kudhania.

Nifanyie hivi, hiyo iliyovimba usiiguse, ila kama ile ya pili bado unayo irudishe kwenye mashine, fungua ile skrini nyeusi ya amri kwenye Windows, andika powercfg /batteryreport, itakuambia imehifadhi faili wapi, lifungue kama ukurasa wa intaneti. Niletee namba za DESIGN CAPACITY (uwezo wa kuzaliwa), FULL CHARGE CAPACITY (inachobeba sasa ikijaa) na CYCLE COUNT (mizunguko ya chaji). Na uniambie unaitumia ukiwa umeiweka juu ya nini.

wakili_njaa:
Mwalimu hayo maandishi ya chini ya risiti yasikutishe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba kitu unachouziwa kinatakiwa kifae kwa kazi uliyomwambia muuzaji, na kama mzigo ni feki kabisa unaobeba nembo ya watu, Tume ya Ushindani FCC ndo wenye kazi ya bidhaa bandia. Una risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi?

mwalimu_wa_zamu:
@wakili_njaa risiti ninayo ile ya kuandikwa kwa mkono kwenye kitabu, imeandikwa "betri 1" basi. Hata aina haipo.

wakili_njaa:
Eeh bhana. Basi hapo tumeumia mapema. Siku nyingine aandike betri ya mashine gani, namba ya betri, na muda wa waranti, na akupe risiti ya EFD. Bila hivyo unakwenda kubishana neno lako na lake.

kamau_wa_stima:
Niko Nairobi, hapa pia ni vilevile tu, ukienda Luthuli Avenue kila duka wanakuambia ni original. Mimi nilichomwa mara mbili nikaamua sitatoa pesa kabla ya kutest. Naenda asubuhi wakati hakuna watu wengi, wanaweka betri, nachomoa chaja, naweka video ikicheze na mwangaza wote juu, nakaa hapo kwa stuli nakunywa chai nikiangalia asilimia zinashuka aje. Ikishuka pole pole sawa. Ikiruka kutoka 80 hadi 61 mara moja, nasema ahsante naenda next door. Kuna wenye hukasirika wananiambia niache kuwapotezea wakati, hao ndio sinunui kwao hata kama wananipatia bure. Mwenye ana bidhaa poa hana haraka ya kukuondoa dukani.

Na pia uliza waranti ni ya nini. Kuna siku niliambiwa six months, kurudi naambiwa hiyo ni ya "kutowaka", yaani betri ikiwaka hata dakika tano haiko kwa waranti. Nilicheka tu.

dada_wa_stoo:
Mimi nauza vifaa, sitasema wapi, naomba niwatetee wenzangu kidogo. Kuna wateja nao, anarudi na betri baada ya miezi miwili ukiangalia ni ya kwake ya zamani katoa stika yetu kabandika kule. Ndo maana watu wanaandika hairudishwi. Sisi sasa tunachora alama na maka pen kwenye betri yenyewe, tarehe na saini, mteja akija nayo ndani ya miezi mitatu tunabadilisha bila kelele. Tangu tuanze hivyo ugomvi umepungua sana. Mwalimu mwambie jamaa afanye hivyo.

mwalimu_wa_zamu:
Wakuu nimerudi. Iliyovimba imetolewa, kuitazama tu inatisha, imejaa kama mto. Fundi wa pale stendi alitaka kuitoboa kweli! Nikamwambia hapana kaka nipe hivyohivyo.

Nikarudishia ile ya pili ya duka la kiyoyozi nikafanya ile amri. Hizi hapa namba. DESIGN CAPACITY 34,200 mWh. FULL CHARGE CAPACITY 11,250 mWh. CYCLE COUNT inaonyesha kistari tu. Lakini stika mgongoni imeandikwa 46.5Wh, ndo nimechanganyikiwa.

Alafu nikakumbuka hii iliyovimba ikiwa na mwezi wa pili niliwahi kuihifadhi ripoti yake, kuna kijana wa IT shuleni alinifanyia. Ile inasema DESIGN 46,513 na FULL CHARGE 46,513. Zimelingana kabisa mpaka tarakimu ya mwisho. Kwahiyo ilikuwa nzima?

Kuhusu naweka juu ya nini, kusema ukweli ni juu ya mto, kitandani, nyumba ya bati bila dari. Na chaja inakaa humo siku nzima kwasababu naogopa umeme kukatika.

fundi_bisibisi:
Hapo ndo nilipokuwa napataka mwalimu.

Ya pili inajisema yenyewe. Stika inasema 46.5 na kibao cha ndani kinakiri 34.2 (mWh elfu moja ni Wh moja), yaani siku unainunua ulishauziwa robo tatu ya betri kwa bei ya betri nzima, na sasa imebaki 11. Mwenye stika hakujua kwamba cha ndani kinaongea.

Ya tatu ndo mjanja zaidi. Ni nadra betri iliyotumika miezi miwili ikalingana na ya kuzaliwa mpaka tarakimu ya mwisho, hata nzuri inapungua kidogo kidogo. Inaelekea kibao kimeandikiwa hiyo namba kikaambiwa kaa hapohapo, hakipimi kitu, na kibao cha namna hiyo kinaweza kukuonyesha 38, kama ile ya kwanza, wakati seli imeshakata kamba. Kwahiyo FULL CHARGE ikiwa sawasawa na DESIGN baada ya wiki kadhaa za kutumia mimi hiyo naiogopa kuliko inayosoma chini kidogo. Kwenye hiyo ripoti angalia pia SERIAL NUMBER, namba ya utambulisho wa betri, ukikuta 00001 au 123456 hao ni walewale. Na CYCLE COUNT ya kistari peke yake isikutishe, kuna nyingi hazitoi.

Wenye Lenovo wana nafuu, ile programu ya Vantage inaonyesha mpaka tarehe betri ilipotengenezwa.

Ila sasa mto. Mwalimu wangu, hapo na wewe una kesi ya kujibu. Feni inavuta hewa kwa chini, ukiiweka kwenye mto umeiziba pua. Bati la mchana Dar, mto, na chaja 100 muda wote, joto na chaji iliyojaa ndo vitu viwili vinavyozeesha lithiamu haraka. Sisemi ndo kimeua zote tatu, maana hizo zilikuwa wagonjwa tangu dukani, lakini ungepewa nzima nayo ungeipunguzia miaka. Tafuta hata ubao wa kukatia mboga uweke chini. Chaja chomoa ikijaa, mchana ikae kati ya 40 na 80, jioni ndo ujaze kusubiri giza.

mke_wa_fundi_mwingine:
Ubao wa kukatia mboga nani kakuruhusu 😂

mwalimu_wa_zamu:
Mrejesho wa mwisho wakuu. Nimeprinti ripoti zote mbili nikaenda kwa jamaa wa betri ya tatu, Jumanne asubuhi kabla hawajachangamka. Sikugombana. Nikamwekea karatasi mezani nikamwonyesha zile namba mbili zilizolingana. Akaangalia, akaita mwenzake, wakaangalia wote. Alafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "mwalimu hii amri inaandikwaje?" Nikamwandikia.

Tukapima betri nne pale pale kaunta, kila moja tunaivisha tunasoma tunavua, wateja wengine wakaanza kusogea kuangalia ikawa kama darasa. Ya kwanza ilisoma 31,000 na kitu. Ya pili haikuwaka. Ya tatu ndo ileile ya namba kulingana, lakini na mpya nayo inaweza kulingana, na namba ya utambulisho ilikuwa 00001, tukaiweka pembeni. Ya nne DESIGN 46,513 na FULL 44,870, namba ya utambulisho ndefu inaeleweka. Nikaongeza elfu 20, najua sikutakiwa kuongeza lakini nilitaka kuondoka na amani. Tarehe na saini tumeweka mgongoni kwa maka pen kama dada wa stoo alivyosema, miezi mitatu.

Leo siku ya tisa. Jana umeme ulikatika saa moja na nusu, nikasahihisha mpaka saa nne na dakika kumi, ikabaki asilimia 14 na haikuzima. Niko kwenye meza, sio kitandani.

Ile iliyovimba iko nyuma ya nyumba kwenye ndoo ya mchanga. Mke wangu ameshaimwagilia maji mara moja, alidhani nimepanda kitu. Fundi nijibu haraka, hiyo ni hatari?

fundi_bisibisi:
Mwambie shemeji asimwagilie tena. Mwaga huo mchanga polepole ukiwa umesimama mbali, weka mkavu, ufunike na bati mvua isiingie, na ndoo isogeze mbali na ukuta wa nyumba. Alafu uniambie ilikuwa imeanza kutoa harufu ya tamutamu au bado.