Ujumbe uliosimbwa bila muhuri: tuukatae kwenye ukaguzi?

Mleta mada: Wakuu, habari za jioni. Nimekagua programu ya kijana mmoja, inatuma maagizo ya malipo toka kwenye simu hadi seva. Kasimba kwa AES ya CTR (njia ya kuficha ujumbe biti kwa biti), ufunguo wa biti 256. Nikamuuliza, seva inajuaje ujumbe haukuguswa njiani? Akanijibu: "Si umesimbwa, nani ataugusa?"

Hapo ndipo nataka tubishane. Kwa kompyuta, tarakimu 1 ni 0x31 na 9 ni 0x39. Zimepishana biti moja tu. Kwenye CTR, ukigeuza biti ya ujumbe uliosimbwa, biti hiyohiyo inageuka ukishafunguliwa. Anayejua kiasi kimekaa wapi anafanya 10,000 iwe 90,000, na ufunguo hana. Seva inafungua, inaona namba safi, inalipa. Siri haijavuja hata chembe. Pesa ndizo zilizoondoka.

Msimamo wangu: programu isiyo na uthibitisho, yaani muhuri wa kuonyesha ujumbe haukuguswa, isipite.

Mchangiaji 1: Mkuu unakuza mambo. Ujumbe unapita ndani ya TLS (ulinzi wa mawasiliano ya mtandaoni, ule wa https), nayo inathibitisha. Kufuli la pili la nini?

Mleta mada: TLS inaishia seva ya mbele. Baada ya hapo ujumbe unalala kwenye foleni na hifadhidata kabla haujasomwa. Huko ndani mikono ni mingi.

Mchangiaji 2: Basi aongeze HMAC, muhuri unaopigwa kwa ufunguo wa siri, yaishe.

Mchangiaji 3: Hayaishi, kaka. HMAC ya ujumbe wazi au ya uliosimbwa? TLS za zamani zilipiga muhuri kwanza, ndipo zikasimba, kwa hiyo mpokeaji alifungua kitu ambacho hajakihakiki. Mtafiti Vaudenay alionyesha mwaka 2002 kwamba seva ikikuambia tu "vijazio vya mwisho vina kasoro" (baiti za kujazia mwisho wa ujumbe), unausoma ujumbe baiti kwa baiti. Mwaka 2013 shambulio la Lucky Thirteen likatumia tofauti ya muda peke yake. TLS 1.3 ya 2018 ikaitupa CBC yote, njia ya kusimba yenye vijazio hivyo. Simba kwanza, piga muhuri juu ya kilichosimbwa pamoja na IV (namba ya kuanzia usimbaji), tumia funguo mbili tofauti, hakiki kabla ya kufungua. Na wa Python, linganisheni kwa hmac.compare_digest, hiyo == iacheni, isije ikavujisha kwa tofauti ya muda.

Mchangiaji 2: Masharti kama ya mganga! Si bora GCM, njia ya AES inayosimba na kupiga muhuri kwa pamoja, inafanya yote?

Mchangiaji 3: Inafanya, ila rudia nonsi (namba ya kutumika kwa ujumbe mmoja tu) mara moja chini ya ufunguo uleule, mtu anaweza kukokotoa ufunguo wa muhuri na kughushi atakavyo. Nimekuta programu inayoanza kuhesabu nonsi toka sifuri kila simu ikiwashwa. HMAC isingemwadhibu hivyo.

Mchangiaji 1: Na agizo halali la jana likitumwa tena leo bila kuguswa? Muhuri wenu si unapita?

Mleta mada: Hapo umenishika. Unapita. Lazima namba ya muamala iwe ndani ya muhuri, na seva ikatae iliyokwishalipwa. Kijana sikumwambia hilo. Ngoja nimpigie.