Mfereji wa tumbo la kiinitete cha inzi wa matunda: mbona hatuuoni?

MwalimuPwani (Malindi)
Salaam jamani. Klabu ya sayansi hapa Malindi inataka kuona jinsi kani zinavyokunja tishu ndani ya kiinitete cha inzi wa matunda. Tuna hadubini ya kawaida na sahani za agari (jeli ya mwani) yenye maji ya embe. Mayai tunapata, lakini tukiyaosha kwa dawa ya kung'arisha nguo mengine hubaki na ganda, na yaliyomenyeka huacha kukua chini ya kifuniko cha kioo. Mfereji wa tumboni, yaani mkunjo ambao seli za tumbo huzama ndani, hatujauona. Tena wanafunzi wanauliza: seli huvutwa au husukumwa?

Slaidi
Mwalimu, kwanza hakikisheni ni inzi mwenyewe. Pwani kuna Bactrocera dorsalis, yule mharibifu wa maembe aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003: ni mkubwa, ana alama za manjano, na hutaga ndani ya embe likiwa bado mtini. Mnayemtaka ni Drosophila melanogaster, mdogo wa milimita 3 hivi, macho mekundu, mpenda tunda lililochacha.

Ganda si lazima limenywe. Yai likizama kwenye mafuta ya halokaboni namba 27 (mafuta maangavu ya maabara), ganda hupitisha mwanga na ndani panaonekana. Mkitaka kumenya, someni kibandiko cha chupa. Maabara hutumia hipokloriti, ile kemikali iliyomo kwenye dawa ya kung'arisha, ya asilimia 3 hivi kwa dakika 2. Maagizo ya vitabuni ya kuchanganya dawa na maji nusu kwa nusu ni ya dawa kali. Chupa ya asilimia 3.5 mkiipunguza hivyo, maganda yatabaki. Joto na jua navyo huidhoofisha. Angalieni vile vijipembe viwili vya yai: vikishayeyuka, chujeni na mwoshe kwa maji mengi papo hapo.

Kuacha kukua, hapo nashuku hewa. Kifuniko kikililalia yai hulibana na kuzuia oksijeni. Tegeni kipande cha kifuniko kila upande, kiwe daraja, na mafuta yawe machache. Tena fanyeni kazi asubuhi: ratiba za vitabuni ni za nyuzi 25, na chumba kikipita 30 viinitete vingi huharibika.

KaniNaSeli
Naongezea upande wa muda, maana mfereji hujifunga kwa dakika 15 hivi tu.

Sahani ya saa ya kwanza tupeni, kwa sababu majike hushikilia mayai yaliyokwisha kurutubishwa na umri wake haujulikani. Kusanyeni ya nusu saa inayofuata. Baada ya saa 3 hivi mtaona ukingo angavu umezunguka kiini cha yai: hizo ni seli kama 6,000. Tumbo ni upande uliobinuka. Mgongo umenyooka zaidi, na vijipembe viko mgongoni, karibu na kichwa. Lazeni yai tumbo likielekea lenzi. Likilala ubavu, tazameni seli za mviringo za nyuma kabisa. Zikianza kuteleza kuelekea mgongoni, mfereji umeshaanza.

Sasa swali la wanafunzi. Mwanzo ni kuvutwa. Ukanda wenye upana wa seli 18 hivi hujikaza upande wa nje: protini iitwayo mayosini huvuta nyuzi za protini nyingine, aktini, na uso wa seli hufumbwa kama mdomo wa mkoba wa kamba. Ujazo haubadiliki sana, kwa hiyo seli hurefuka kwenda ndani, kisha hufupika na kuzama. Mkazo huja kwa mapigo, na baada ya kila pigo seli hubaki imepungua. Jeni mbili, twist na snail, huongoza kazi hii: bila twist seli hukaza na kulegea tena. Bila snail mapigo yenyewe hayapo.

MwalimuPwani (Malindi)
Shukrani sana. Lakini kani yenyewe hupimwaje?

KaniNaSeli
Kwa kukata, Mwalimu. Leza hukata mpaka wa seli mbili, kisha hupimwa kasi ya ncha kuachana. Angalizo: kasi hiyo ni mvutano ukigawanywa kwa ukinzani wa tishu, kwa hiyo linganisheni mipaka ya tishu moja. Kiwiliwili kinaporefuka, mipaka inayoelekea mgongo na tumbo ina mayosini nyingi na huachana haraka zaidi.

Kwa hadubini yenu, yai likiwa ubavu, fuatilieni pia mkunjo wa kichwa, ule unaotenganisha kichwa na kiwiliwili, kama theluthi moja kutoka mbele. Viinitete visivyoujenga hupata mikunjo ovyo pale kichwa na kiwiliwili vinaposukumana, kwa hiyo kusukumwa nako kupo. Shikizeni simu kwenye lenzi ya jicho, mpige picha kila dakika 2.