Mtoto wa kituoni ananifichia ndala nisitoke shifti, bosi anasema nimemzoesha vibaya

BintiMlezi:
Habarini wakuu, naombeni ushauri na msinitukane tafadhali. Ni mlezi kwenye makao ya watoto huku mkoani, kituo sikitaji. Tuko walezi sita kwa watoto 31, tunapokezana. Kuna katoto ka miaka miwili na nusu, kaliletwa kana miezi mitano na mimi ndo nalala chumba chao, basi kamenizoea balaa. Zamani alikuwa analia tu nikitoka, sasa kaleta mpya: ikikaribia saa moja asubuhi natafuta ndala naona moja. Siku ya kwanza nimezunguka weee nikajua ni wenzangu wananitania, kumbe anaificha kwenye ndoo ya nguo chafu, tena ya kushoto tu, halafu anakaa juu ya mfuniko kimyaaa. Nilicheka pale, nikaja kulia kwenye bajaji.

Meneja anasema nimemdekeza, wageni wakija mtoto hataki kubebwa, so wiki ijayo nahamishiwa jengo la wakubwa na nisikanyage kwa wadogo. Na kuna familia imeshapitishwa na ustawi, mwezi ujao wanamchukua malezi ya kambo, yaani wamlee kwao bila kumuasili. Sasa nianze kumkaushia mapema asiumie, au?

Kipara Original:
Dada hiyo ni ajira. Ukilia kwa kila mtoto utazeeka kabla ya mafao. Kausha.

NimekuliaHuko:
Kipara hujui unachoongea mkuu. Mimi nimekaa makao miaka 11. Kulikuwa na mlezi tunamwita Mama Vitumbua, siku moja hakuja, tukaambiwa kaenda sokoni, nikakaa getini mpaka giza na kesho yake tena. Hakuna aliyetuambia kaacha kazi. Aliyefuata nilimwita mama siku hiyohiyo, na aliyemfuata huyo vilevile, mgeni yeyote akishuka kwenye gari namrukia, wanapiga picha wanasema watoto hawa wana upendo jamani. Upendo gani, ilikuwa sijali tena nani ananibeba. Leo nina miaka 34, wife akichelewa kurudi kutoka sokoni tumbo linanikata.

Afisa wa Kata:
Hapo umemaliza mkuu. BintiMlezi, huyo anayekataa wageni ndo mzima, wa kuogopa ni yule anayemrukia kila mtu. Romania kuanzia 2000 watafiti walifuatilia watoto 136 wa vituo pale Bucharest, nusu wakapewa familia za kambo, na waliotoka kabla ya miaka miwili ndo walijenga ukaribu vizuri zaidi. Wako kapita kidogo ila ana wewe, na aliyeweza kumzoea mtu mmoja atamzoea na mwingine. Kinachoumiza ni mtu kupotea ghafla.

Usimkaushie. Nenda kwa afisa ustawi anayeshika faili lake, omba usihamishwe mpaka makabidhiano yaishe. Mama wa kambo aje hapohapo kituoni, siku ya kwanza akae tu, ya pili amlishe wewe upo, ya tatu amuogeshe. Mtoto akuone unacheka na huyo mama, hiyo ndo ruhusa yake. Muage kwa maneno, usimtoroke akiwa kalala. Na umpe khanga yako uliyolalia, isifuliwe, ibaki na harufu yako.

Shangazi Tabata:
Si umchukue mwenyewe tu mdogo wangu??

Afisa wa Kata:
Shangazi, sheria ya mtoto ya 2009 haimkatazi. Kuasili, yaani kumfanya mtoto wako kisheria, ni Mahakama Kuu, uwe na miaka 25 na umzidi mtoto 21. Ila kuna familia imeshapitishwa, tusimvurugie.

BintiMlezi:
Shangazi nina miaka 23 na chumba kimoja cha kupanga, niliwaza usiku kucha mpaka nikajicheka.

Update: afisa ustawi kampigia meneja, nimepewa wiki tatu. Mama wa kambo kaja jana, mtoto kajificha nyuma yangu saa nzima, mwishoni akatoka akamvua yule mama kiatu kimoja, akakimbia nacho kwenye ndoo. Yule mama akashangaa, mimi nikashindwa hata kumweleza.

Nimemwandikia yule mama karatasi: mtoto halali bila kushika sikio la mtu, uji wa moto hataki, akisema "bubu" ni maji. Afisa, khanga kweli nisifue? Ina maziwa yaliyomwagika na inanuka.

Afisa wa Kata:
Usifue.