Mrejesho: Babu aliyefia Burma

Wakuu, yule babu mzaa baba niliyewauliza, aliyechukuliwa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki) Vita vya Pili vya Dunia asirudi, nimempata.

Mlioniambia nitafute namba ya jeshi badala ya jina, Mungu awabariki. Ilikuwa nyuma ya picha kwenye sanduku la bibi, kwa penseli, tarakimu moja imefutika. Kwa jina nisingemwona: karani aliandika alivyosikia, R ikawa L. Yumo kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, Oktoba 1944. Ni wakati ule Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikiwasukuma Wajapani bonde la Kabaw, huko Burma (Myanmar ya leo), kuelekea mto Chindwin, kwenye tope hadi magotini.

Kaburi halijulikani. Jina limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Rangoon, huko huko Burma, kwenye makaburi ya vita ya Taukkyan, pamoja na wengine takriban 27,000. Na kosa la karani nalo limechongwa hivyo hivyo, sasa naulizia namna ya kulirekebisha.

Baba alizaliwa babu keshaondoka. Nilipomsomea alinyamaza kitambo, kisha akauliza tu: "La ukoo wameliandika?" Hawakuliandika.