Simulesheni za PhET zinatoa ukurasa mweupe kwenye kompyuta za shule, na intaneti hatuna

Mwalimu_Kibakwe

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba msaada, na nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Nafundisha Fizikia kwenye sekondari ya kata huku Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa. Mwaka huu tumepata kompyuta 11 za mezani zilizokwishatumika. Zina Windows 7, nyingi zina RAM ya GB 2, na umeme tunao. Kinachokosekana ni intaneti. Simu inashika mtandao ukipanda mwamba ulio nyuma ya nyumba za walimu, na hata hapo ni ujumbe wa maandishi tu unaopita, picha haifunguki.

Kidato cha Pili nina wanafunzi 74. Ameta nzima ni 2, voltimita 1. Nikiandaa jaribio la sheria ya Ohm, watoto wanne wanaona sindano na sabini wanaona migongo ya wenzao. Ndiyo maana nilipoonyeshwa simulesheni za PhET kwenye semina nilikosa usingizi. Mtoto anavuta betri, waya na balbu kwenye skrini, anafunga sakiti, anaona elektroni zinatembea. Akiunganisha ncha mbili za betri kwa waya mtupu, anaona moto unawaka na hakuna aliyeungua. Nikasema hiki ndicho darasa langu linakihitaji.

Wiki mbili zilizopita nikafunga safari ya Dodoma mjini. Nilishuka Nanenane, nikatafuta sehemu ya intaneti, nikalipia saa tatu. Nilifungua ukurasa wa kila simulesheni niliyoitaka na kubonyeza Ctrl+S. Nikajaribu moja palepale, ikafanya kazi vizuri. Kwa tahadhari nikapakua pia Firefox, brauza ya kufungulia kurasa. Jioni nilikuwa nimerudi kupitia Mbande, flashi ikiwa mfuko wa shati.

Asubuhi yake wanafunzi wakakaa watatu watatu. Nikabofya faili la sakiti, ikafunguka Internet Explorer na ukurasa mweupe. Nikajaribu lingine, vilevile mweupe. Nikakimbilia kusakinisha Firefox, nayo ikaniambia niunganishe intaneti kwanza ndipo iendelee. Mwenzangu wa shule jirani alikuwa amenipa diski ya PhET ya miaka ya nyuma, nikaiweka, ikadai programu ya Flash ambayo mashine hazina. Kipindi kikaisha hivyo. Watoto hawakusema kitu, walitoka kimya wakirudisha viti, na kimya chao kiliniuma kuliko wangelalamika.

Nauli natoa mfukoni mwangu. Sitaki kwenda mjini mara ya pili nikarudi na kitu kilekile. Nichukue nini hasa, na nitajuaje kabla sijapanda basi kwamba kitafanya kazi?

Fundi_Majengo

Mbukwenyi mwalimu, na pole sana na safari. Una matatizo matatu tofauti, ila yamekujia siku moja ukadhani ni moja.

La kwanza ni Ctrl+S. Ule ukurasa unaouona ni fremu tu. Simulesheni yenyewe imewekwa ndani yake na inavutwa kutoka mahali pengine kila unapofungua. Ukihifadhi ukurasa, umebeba fremu ukaiacha picha ukutani. Ulipojaribu palepale ilifanya kazi kwa sababu intaneti ilikuwepo, faili likaenda kuchukua kilichopungua bila kukuambia. Kwenye ukurasa huohuo kuna alama ya mshale unaoelekea chini. Hiyo ndiyo ya kupakua. Utapata faili moja lenye jina kama circuit-construction-kit-dc_en.html, na kila kitu kiko ndani ya faili hilo hilo moja, picha, sauti na hesabu zake. Herufi za mwisho ni lugha: _en ni Kiingereza, _sw ni Kiswahili kwa zile zilizotafsiriwa. Angalia na ukubwa wake. Faili halisi linahesabiwa kwa MB. Ukiona KB na folda pembeni yake, umebeba fremu tena.

La pili, Internet Explorer. Hata ukimpa faili sahihi hataliweza, simulesheni hizi hazimhudumii tena. Unahitaji brauza nyingine, na kwa Windows 7 usichukue ya leo, itakataa. Chrome iliishia toleo la 109 kwa Windows 7. Firefox tawi lake la mwisho ni 115 ESR. Mimi kwa mashine za GB 2 naweka Firefox 115 ESR.

La tatu ndilo linalowasumbua wengi wanaokuja dukani kwangu. Kitufe kikubwa cha kupakua Firefox kinakupa kifaili kidogo ambacho hakifiki hata MB 1. Hicho siyo Firefox, ni mjumbe tu anayetumwa kwenda kuileta Firefox kutoka intaneti. Tafuta ukurasa wenye orodha ya matoleo yote, chagua Windows 32-bit, lugha unayotaka, pakua kisakinishi kamili. Kina MB hamsini na kitu. Nasema 32-bit kwa makusudi, kwa sababu sijui mashine zako ni aina gani, na ya 32 inakubali kwenye zote mbili.

Kuhusu kujua kabla hujapanda basi, mwalimu, njoo na CPU moja. Iache skrini, mimi nina skrini. Chagua ile iliyo dhaifu kuliko zote, ifunge kwenye blanketi, iweke miguuni. Tutaisakinishia hapa ikiwa haina waya wa mtandao hata mmoja. Ikifanya kazi hapa, na kule itafanya. Kujaribu kwenye laptopu yangu yenye intaneti na RAM ya GB 8 hakutuambii lolote kuhusu mashine zako.

Informatics_UDOM

Naongezea mambo mawili, fundi amemaliza mengi.

Ile diski ya zamani achana nayo, mwalimu. Flash ilikomeshwa na Adobe tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 hata walionayo maudhui yake yalizuiwa. Ukikuta kwenye diski hiyo mafaili yanayoishia na .jar, hayo ni ya Java, yanaweza kufunguka ukisakinisha Java, lakini kwa umeme wa Kidato cha Pili huyahitaji. Sakiti na sheria ya Ohm zote zimeandikwa upya kwa HTML5, inayofunguka kwenye brauza bila Flash wala Java.

Pili, flashi iliyopita sehemu za intaneti za kulipia. Ukifika ukakuta mafolda yote yamegeuka njia za mkato, usibofye hata moja na usiifomati. Mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Yatarudi kuonekana, kisha futa zile njia za mkato. Afadhali zaidi ununue flashi yenye kitufe cha kufunga kuandikwa kama utaipata, ila mjini ni adimu.

Mwalimu_Kibakwe

Asanteni sana. Fundi, sikuwahi kuelewa kwa nini ilifanya kazi pale halafu ikagoma huku, sasa nimeelewa. Nimekwenda kupima lile faili la sakiti: KB 140, na folda pembeni. Nitakuja Ijumaa na CPU. Kuna moja inachukua dakika nne kuwaka, nitabeba hiyo.

Mama_Fizikia_Bahi

Mwalimu mwenzangu, shikamoo kama umenizidi, na marahaba kama nimekuzidi.

Mimi nimetumia PhET shuleni kwangu miaka mitatu sasa, bila intaneti. Nianze na la kiufundi. Usiweke mafaili kwenye kila mashine kwa mkono ukaishia hapo, maana watoto watayafuta au kuyahamisha. Sisi tuna swichi ya mtandao na waya za kuunganisha kompyuta, mashine ya mwalimu ina folda ambayo nyingine zinaisoma tu bila kuweza kuifuta. Wapo wanaotumia Kolibri, programu ya Learning Equality inayofanya kompyuta moja kuwa seva, nyingine zikaingia kupitia brauza, na PhET imo humo pamoja na video na maswali. Ni nzuri sana, lakini inataka mashine moja ya kuwa seva na mtu wa kuitunza. Kwa kompyuta 11 anza na folda.

Sasa la darasani, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mwaka wa kwanza nilifurahi kama wewe. Watoto wakajenga sakiti kwenye skrini mpaka za balbu sita, sambamba na mfuatano, wakaeleza vizuri kabisa. Ukafika mtihani wa vitendo, wengi wakakwama kwenye ameta. Ameta ya PhET inakuandikia namba, 0.50 hiyo, umemaliza. Ameta ya kwenye meza ina sindano na mistari midogo, lazima ujue kila mstari una thamani gani, uitazame kutoka juu yake moja kwa moja siyo kutoka upande, na uunganishe chanya kwa chanya, la sivyo sindano inagonga ukuta wa kushoto. Hayo yote skrini haikuwafundisha. Binti mmoja, hodari kuliko wote, aliandika 5 mahali pa 0.5 katika majibu yote. Nilipomuuliza aliniambia alikuwa akisubiri ameta imwonyeshe nukta.

Kwa hiyo siku hizi nagawa. Kwako 11 mara watatu ni 33 kwenye kompyuta. Waliobaki usiwaweke wakisubiri. Weka meza yenye zile ameta zako 2 zikiwa hazijaunganishwa na umeme, chora na sura za ameta kwenye maboksi, sindano ya kijiti, wasomeshane mizani. Wengine wachore mchoro wa sakiti watakayokwenda kuijenga na waandike wanatarajia mkondo utakuwa kiasi gani betri ikiwa volti 9 na ukinzani om 10. Hakuna kukaa kwenye kompyuta kabla hujaandika matarajio yako kwenye daftari. Bila hivyo wanacheza na ule moto tu.

Mwalimu_Kibakwe

Marahaba dada, nadhani ni mimi niliyezidi. Nimeinakili yote kwenye daftari la maandalio.

Naleta taarifa. Ijumaa nilikwenda na CPU ndani ya blanketi, kondakta akanitoza nauli ya mzigo, sikubishana. Fundi aliifungua kwanza kabla ya kuiwasha, akapuliza vumbi jekundu likatoka kama tumeichimba shambani. Aliniambia nusu ya uzito wake ulikuwa huo. Baada ya kusafishwa inawaka kwa dakika moja na nusu.

Tulipakua kwenye laptopu yake simulesheni 14 kwa ule mshale, pamoja na kisakinishi kamili cha Firefox 115 ESR. Kisha akanipa mausi nifanye mwenyewe kwenye CPU yangu, yeye amekaa pembeni mikono kifuani. Nilisakinisha, nikabofya faili, ikafunguka tena Internet Explorer! Moyo ukashtuka. Kumbe faili la html bado lilikuwa linamfuata yeye. Nikabofya kitufe cha kulia cha mausi, nikachagua 'Open with', nikachagua Firefox na kuweka alama kwamba iwe hivyo siku zote. Jambo hilo peke yake lingenirudisha mjini mara ya tatu. Mnaosoma hapa na mna Windows 7, msilisahau.

Jumatatu tulizisakinisha zote 11 baada ya vipindi, mimi na wanafunzi sita waliojitolea. Flashi moja, mashine moja baada ya nyingine, mpaka saa kumi na mbili jioni. Jumanne nikafanya kama dada wa Bahi alivyoelekeza: matarajio kwanza. Volti 9, om 10. Wengi waliandika 90, walizidisha. Wachache waliandika 0.9. Sikusahihisha. Wakaenda kwenye mashine, wakafunga sakiti, ameta ikaandika 0.90, na nikasikia chumba kizima kinafunua madaftari kurudi nyuma. Kijana mmoja anayekaa siku zote kona ya mwisho akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, nikiongeza balbu ya pili sambamba, betri itajuaje kwamba itoe mkondo mwingi zaidi?" Nimefundisha umeme miaka tisa, sijawahi kuulizwa swali hilo. Tulitumia kipindi chote kilichobaki kulijadili, na hatujalimaliza, tutaendelea Alhamisi.

Limebaki moja. Simulesheni ya densiti, yenye tangi la maji na vitofali, inafunguka kwenye mashine 9. Mbili zinatoa onyo kuhusu WebGL na tangi halionekani. Za sakiti kwenye mashine hizohizo hazina shida.

Fundi_Majengo

Hongera mwalimu. Densiti inachora vitu vya pande tatu, inahitaji kadi ya picha isaidie, na hizo mbili dereva ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, haijawekwa, Windows inatumia ile ya kawaida tu. Ukitazama utakuta hata maandishi ya skrini yamevutika upana. Niandikie modeli iliyo kwenye kibandiko ubavuni mwa kila CPU. Nitatafuta dereva zake niziweke kwenye flashi, nimpe dereva wa basi la Mpwapwa Jumamosi asubuhi. Nikikuta chipu yenyewe ni ya zamani mno kwa WebGL nitakuambia mapema, uzibakize hizo mbili kwa sakiti.

Mwalimu_Kibakwe

Nashukuru sana. Kesho saa nne nitapanda mwambani nikutumie modeli zote mbili.