Mrejesho: dizeli inayosumbua kuwaka asubuhi na kugonga mbele

Wakuu, niliuliza kuhusu gari la dizeli hapa Tanga: asubuhi napiga selfu muda mrefu ndipo liwake, kwenye mlima nguvu zinakata, na kwenye mashimo linagonga mbele kulia.

Upande wa mafuta, tatizo ni hewa. Tulifunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ya injini, mapovu yakaonekana yanapita. Chanzo ni pampu ya mkono juu ya filta, kiwambo chake (raba nyembamba ya ndani) kimechanika. Nje hakuvuji hata tone, maana upande ule dizeli inavutwa: hewa inaingia, na gari likilala mafuta yanarudi tenki. Tumeweka pampu mpya ya mkono, filta na klampu, tukapampu mpaka ikawa ngumu. Linawaka mara moja. Aliyenisihi nisifungue nozeli (vipulizia mafuta vya injini) kabla ya kipimo hiki, ahsante sana.

Mbele, shokapu ni nzima. Bushi (raba za maungio) za amu ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, ndizo zimekwisha. Boliti yake ilishikana kwa kutu ya chumvi ya bahari, ikakatwa. Jambo muhimu: boliti mpya ikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwenye matairi. Ukiikaza gari likiwa juu ya jeki, raba ya bushi inajisokota na kuchanika mapema. Imebaki alaimenti (kunyoosha matairi) tu.