Raketi ipi inamfaa mtu wa topspini anayekaa nyuma, halafu kiwiko kimeanza kuuma?

Mwana_Upanga
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela. Nacheza tenisi hapa Dar, jioni nikitoka kazini na wikiendi asubuhi, mashindano hapana ila nacheza kwa kumaanisha na nataka nipande kiwango. Muda mwingi nipo nyuma ya mstari, forihendi (shuti la upande wa mkono ninaoshikia raketi) napiga na topspini nyingi, yaani mpira unazunguka kwenda mbele, bakihendi (upande wa pili) mikono miwili, sevu ya kawaida tu, netini naenda pale ninapolazimika. Raketi niliyonayo ni ile nyepesi ya alumini, mpira ukija na nguvu inageuka mkononi, na sasa kiwiko cha kulia upande wa nje kinauma hata nikinyanyua kikombe.

Nimepata mbili. Kuna jamaa anauza Wilson Pro Staff RF97 iliyotumika ila safi, ile ya Federer. Halafu ndugu yangu anarudi kutoka Dubai mwezi ujao anaweza kuniletea Babolat Pure Drive mpya. Kotini wengine wananiambia chukua raketi ya kichwa kidogo, ile sehemu ya nyuzi, ndio utajifunza kupiga katikati, wengine wanasema kubwa. Ipi inaendana na ninavyocheza? Naombeni na sababu, sitaki kununua jina.

KochaMzee
Pole na kiwiko mwanangu. Nianze na hiyo RF97, iache. Ile ina gramu 340 kabla hujafunga nyuzi, ukishafunga nyuzi na gripu ya juu, ule utepe wa kuzungushia mshiko, unakaribia 360. Kwa mtu mwenye mkono mrefu, anayejiandaa mapema, uzito ule ni raha kwa sababu mpira wa nguvu ukigonga fremu haitikisiki. Ila wewe umesema mpira wa kasi unakusumbua, maana yake mara nyingi unachelewa, na ukichelewa na raketi nzito unakokota kwa mkono badala ya bega, na mzigo wote unaishia hapohapo kwenye kiwiko.

Hili la kichwa kidogo kinafundisha nalisikia miaka yote na silikubali kabisa. Federer mwenyewe alicheza muda mrefu na kichwa cha inchi za mraba 90, kuanzia 2014 akahamia 97, na Australian Open ya 2017 aliyomfunga Nadal fainali alicheza na hiyo kubwa. Serena Williams alikuwa anatumia 104. Sasa mtu wa jioni baada ya kazi umwambie ajibane na kichwa kidogo ili iweje? Kichwa kikubwa nyuzi zake ni ndefu, zinabonyea zaidi na kuusukuma mpira, na ukipiga pembeni kidogo ya katikati bado mpira unafika. Kidogo kinakupa uhakika wa mahali mpira unakwenda ila nguvu utaleta mwenyewe, kila shuti, mpaka seti ya tatu.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia raketi mtu ajiangalie mkono wake unatembeaje. Anayezungusha mkono mrefu na kwa kasi nguvu tayari anayo, yeye anatafuta cha kuituliza: kichwa cha 95 mpaka 98, fremu nyembamba, nyuzi zilizobanana, 18 za wima kwa 20 za kulala. Anayepiga kwa mzunguko mfupi, anasukuma sukuma, huyo raketi imsaidie: 100 mpaka 110, fremu nene, nyepesi kidogo. Wewe wa topspini upo katikati ya hao. Unahitaji 100, nyuzi za 16 kwa 19 ili uzi upate nafasi ya kuteleza na kurudi na kuuzungusha mpira, na uzito wa gramu 285 mpaka 300 ili kichwa kipande haraka kutoka chini kwenda juu. Pure Drive ni hiyohiyo hasa, 100, gramu 300, 16 kwa 19. Tatizo lake ni ngumu, haipindi, mshtuko unakuja wote mkononi. Ukiichukua basi nyuzi laini, hapo hakuna mjadala.

Spin254
Kocha heshima zako, mengi nakubali, lakini mimi kwa mtu ambaye kiwiko kinauma tayari siwezi kumwambia achukue Pure Drive hata na nyuzi laini. Bro hiyo ni moja ya fremu ngumu zaidi kwa soko, ni nzuri sana na nguvu iko, lakini mkono ukishaanza kulalamika unataka kitu inapinda. Angalia Wilson Clash 100, gramu 295, hiyo 16 kwa 19, walitoa 2019 na imetengenezwa ipinde lakini isiyumbe. Ama Yonex Ezone 100, hiyo kichwa yao ya umbo la mraba mraba inakupa eneo kubwa la kupiga na haigongi mkono vibaya. Zote mbili unapata Dubai bila shida, mwambie huyo ndugu aulize.

Kitu ingine, angalia uko wapi. Sisi Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, mpira inaruka na inaenda mbali, ndio maana kuna mipira maalum ya sehemu za juu. Hapa raketi ya nguvu nyingi ukikosa topspini mpira inatoka kila saa, watu tunakaza nyuzi zaidi ama tunashuka kwa kichwa 98. Wewe Dar uko chini kwa bahari, hewa nzito, mpira ikilowa unyevu inakuwa jiwe. Wewe nguvu ya bure unaihitaji kuliko mimi. So ukisoma mtu wa Nairobi ama Johannesburg mtandaoni akisema raketi fulani ina nguvu kupita kiasi, jua yeye anaongea akiwa juu.

Na tafadhali usiweke nyuzi za poliesta. Najua kila mtu anataka kwa sababu ya Nadal na Alcaraz, na ni kweli tangu Kuerten wa Brazil achukue French Open 1997 na poliesta ya Luxilon dunia yote ya mapro imehamia huko. Lakini wale nyuzi zao zinafungwa upya kila mechi. Poliesta inakufa bila kukatika, unaiona iko sawa kumbe imebaki kama waya, na mtu wa klabu anacheza nayo miezi sita akishangaa mkono unauma kwa nini.

MamaVoli
Mi nachangia upande wa pwani maana nacheza Tanga na jasho nalijua. Kaka hujasema ukubwa wa mshiko na ndio unaoumiza watu kimyakimya. Shika raketi kama unavyoshika kwa forihendi, kati ya ncha za vidole na kitako cha kiganja kidole cha shahada cha mkono wa pili kiingie kwa kukaa, kisielee na kisibanwe. Mshiko ukiwa mdogo unakaba kwa nguvu ili usigeuke, na kukaba huko kwa masaa mawili ndio kiwiko chenyewe. Ukiwa kati ya L2 na L3, hizo ni saizi za mshiko, chukua L2 iliyo ndogo, kuunenepesha kwa gripu ya juu ni rahisi, kuupunguza huwezi. Na kwa joto letu gripu ya juu badilisha mara kwa mara, ikishateleza inakufanya ukabe tena.

Kitu kingine, ukinunua iliyotumika, hata hiyo RF97 ukishikwa na tamaa, usiangalie rangi. Pitisha kidole juu ya kichwa na mabegani ukitafuta ufa mdogo, igonge kwa kiganja usikilize kama kuna kitu kinalia ndani, angalia vile vitundu vya plastiki nyuzi zinapopitia kama vimekatika. Feki nazo zipo, weka kwenye mzani wa jikoni, raketi iliyoandikwa 340 bila nyuzi halafu na nyuzi zake inasoma 310, mrudishie mwenyewe.

Mi ni wa dabozi, wawili kwa wawili, nakaa netini, kwa hiyo yangu ni tofauti na utakayochukua wewe. Nataka kichwa chepesi na uzito urudi kwenye mshiko ili niigeuze haraka mpira ukija usoni, topspini wala siifikirii. Ukimsikiliza mtu wa dabozi akikushauri raketi kumbuka hilo.

Mwana_Upanga
Shikamoo kocha, na asanteni sana wote, nimejifunza leo kuliko mwaka mzima wa kuangalia video. RF97 nimeshaachana nayo. Nimempigia ndugu yangu akaulize Clash 100 na Ezone 100. Maswali mawili yamebaki: nikafunge nyuzi gani na zikazwe kwa paundi ngapi, na je kwa sababu Djokovic anatumia Head Speed na anapinda pinda vile akiwa nyuma, nayo isiwe kwenye listi?

KochaMzee
Marahaba. Spin254 kanishawishi, kwa kiwiko kinachouma tayari Clash au Ezone zitangulie, Pure Drive ije mkono ukipona.

Head Speed ya dukani ni raketi nzuri, ila anayocheza nayo Djokovic siyo hiyo. Mapro wengi fremu zao zinatengenezwa pembeni kisha zinapakwa rangi ya modeli inayouzwa, ya kwake ina kichwa cha 95 na nzito sana. Kwa hiyo modeli ya mchezaji usiifanye kigezo, soma namba zilizoandikwa ndani ya fremu.

Nyuzi funga malitifilamenti, zile za nailoni zenye nyuzinyuzi nyingi ndani, paundi 52. Ukiona mpira unakutoka sana panda mpaka 54, ukiona hupati nguvu shuka 50, badilisha mbilimbili usiruke. Nyuzi za utumbo halisi wa mnyama ni laini kuliko zote ila unyevu wa Dar utazila na bei yake unaijua. Kanuni ya zamani inasema idadi ya siku unazocheza kwa wiki ndio mara za kufunga nyuzi upya kwa mwaka, ukicheza siku nne basi mara nne. Raketi usiiache kwenye gari juani, joto lile linalegeza nyuzi.

Na kabla ndugu yako hajalipa, tafuta kotini hata mtu mmoja mwenye Clash umuombe uipige nusu saa. Usipige forihendi tu. Sevu uchoke, kisha mwambie akupige mpira wa nguvu bakihendi uone raketi inatulia au inayumba. Mwanzoni kila raketi mpya inaonekana nzuri, ya kweli utaijua ukishachoka. Kiwiko nacho kaone daktari au mtu wa mazoezi ya viungo, kisiachiwe raketi peke yake.

BabaK
Samahani wakuu nadandia uzi. Binti yangu ana miaka tisa, toka asikie habari za Angella Okutoyi wa Kenya kuchukua dabozi ya wasichana Wimbledon 2022 hataki mchezo mwingine. Nimpe raketi yangu ya zamani niikate mshiko?

Spin254
Usikate baba, uzito wake utabaki karibu uleule na ataanza kushika katikati. Za watoto ziko kwa inchi: 21, 23, 25, 26, ya mtu mzima ni 27. Asimame wima mkono umelala kando ya mwili akiwa ameshika raketi, kichwa cha raketi kikaribie kugusa chini bila kuburuta. Miaka tisa wengi wanaangukia 25, akiwa mdogo wa umbo 23. Na mpe mipira laini ya watoto, ya rangi ya machungwa ama ya kijani, ile ya njano ya kawaida bado inamrukia juu ya kichwa.